Gesi Chini ya Kufuli

Mkate uliruka uani, ukapiga mlango wa Mama Kibonge kwa kishindo, ukaanguka kizingitini ukapasuka. Ganda lake lilikuwa la kahawia, la kutamanisha, lakini tumboni ulikuwa mbichi: unga mweupe unaonata kama gundi ya kubandikia matangazo.

"Toka uule!" Bi Tanuri alipaza sauti. "Toka ule ulichokipika! Usiku unaiba gesi, asubuhi unajifungia ndani kama mwali! Toka!"

Bi Tanuri hakupewa jina hilo na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu alikuwa muoka mikate, na kwa sababu ukimsogelea ovyo unaungua. Mwenyewe alilipenda. Afadhali kuitwa tanuri, alisema, kuliko kuitwa majivu.

Mlango ulifunguka kidogo. Mama Kibonge, mke wa kaka yake, alichungulia akiwa na mtoto begani.

"Wifi, mtoto amelala."

"Lazima alale! Kaoga maji ya moto, kashiba, na moto wenyewe ni wangu!"

"Maji yake yako kwenye chupa ya chai. Nayachemsha jioni kwa mkaa. Nimekwambia mpaka ulimi umeota sugu."

"Ulimi wako hauna sugu, una utelezi. Nani mwingine anaamka usiku nyumba hii? Mama na magoti yale? Au ng'ombe wanapika chai?"

Mama Kibonge aliutazama mkate ulipokuwa umelala. Akauokota, akaupangusa vumbi, akauweka juu ya ndoo. Kisha akafunga mlango polepole, na upole ule ulimuuma Bi Tanuri kuliko tusi.

Nyumba ilikuwa ya mama yao: uwa mmoja, vyumba vimetazamana, na nyuma zizi la ng'ombe wawili, mmoja wao mzee. Kaka mtu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo yupo kesho hayupo, mkewe akabaki na mtoto na mama mkwe. Bi Tanuri naye alikuwa amerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, akaja na masanduku yake na mabati ya kuokea, akajenga tanuri ukutani, akaanza upya. Mikate yake iliingia madukani ikiwa bado na moto. Watu wakasema, kumbe aliyeachwa hakuachwa na mikono.

Tanuri hilo lililishwa na mtambo wa gesi ya samadi uliokuwa kando ya zizi. Ulikuwa shimo la mviringo lililosakafiwa, limejaa tope la samadi na maji, na juu ya tope pipa kubwa la chuma lililopinduliwa kifudifudi. Samadi ikichacha, gesi inajikusanya chini ya pipa na kuliinua, nalo linapanda taratibu likiambaa na nguzo ya chuma iliyosimama katikati. Ukifungua koki ukapika, pipa linashuka. Uzito wake wenyewe ndio unaoisukuma gesi kwenye mpira mpaka jikoni.

Bi Tanuri alikuwa na kipimo chake, hakumuuliza mtu. Kila alasiri alisimama kando ya shimo akaliangalia pipa. Likiwa juu kabisa ya nguzo, anakanda beseni zima la unga. Likiwa chini ya hapo, anakanda kulingana na hapo. Unga unalala na hamira, alfajiri unaingia motoni. Kipimo kilimtumikia vizuri msimu wote wa joto, wakati hata usiku watu walilala nje ya shuka.

Halafu zikaja asubuhi za baridi. Mikate ya mwisho ikaanza kutoka mbichi. Na moto wenyewe ulikuwa na tabia ya ajabu: haukufifia hata kidogo. Uliwaka kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, halafu ghafla, pu! Anatoka nje anakuta pipa limekalia tope kama kuku anayeatamia. Mwenye duka mmoja akamrudishia mikate mbele ya wateja. Bi Tanuri akaanza kuamka mapema kulichungulia pipa kabla hajawasha kitu, na akaona alichokuwa akikihofia. Alfajiri pipa lilikuwa chini kuliko alivyoliacha alasiri. Siku zote. Kitu kikipungua usiku, kimechukuliwa usiku. Na wa kuchukua alikuwa mmoja tu, akamtaja madukani, kwa fundi cherehani na bombani.

Kelele za mkate zilimtoa mama yao ndani. Alikuja akiburuta goti lake bovu, akaketi kwenye kigoda katikati ya uwa, pale alipoketi kila alipotaka kuhukumu.

"Fungeni midomo yenu, nimechoka," alisema. "Mkwe wangu, njoo hapa. Na wewe mwanangu, kigoma cha nyumba, nyamaza."

Mama Kibonge akatoka.

"Unaichukua gesi usiku au huichukui?"

"Siichukui, mama. Lile pipa lina mambo yake. Mchana nikitandika nepi mbichi juu yake, linashuka kidogo. Zikikauka, linapanda tena. Nimeliona mara nyingi."

Bi Tanuri akacheka kicheko cha puani. "Mmesikia? Sasa mwizi ni nepi! Kesho atasema ni mkojo wa mtoto!"

"Nimesema nilichokiona."

"Ulichokiona ni koki, na mkono wako umeishika."

"Basi!" Mama akapiga kigoda. "Ndugu yangu, mjomba wenu, anakuja kesho asubuhi. Nilimwita kwa ajili ya ng'ombe mzee, lakini kumbe kuna na watu wa kuamuliwa. Kama wewe mkwe ni mwizi, atakurudisha kwa wazazi wako na mtoto wako, mume akirudi safari atakufuata huko mkaongee. Sitaki nyumba inayolala na jicho moja wazi."

Mama Kibonge alibadilika rangi. Kwa wazazi wake kulikuwa na vyumba viwili na watu wa kujaza vinne. Kurudi kule na jina la wizi kulikuwa ni kurudi bila uso.

"Nitatia kufuli," Bi Tanuri alisema haraka, kwa sauti ya aliyekwisha shinda. "Leo hii, mbele yenu. Koki nafunga, ufunguo nalala nao. Kesho pipa likiwa palepale, tumemjua. Kwa sababu siku zote halikai, ila siku ya kufuli limekaa."

"Na likishuka?" Mama Kibonge aliuliza.

"Halishuki."

"Wifi, nimeuliza. Na likishuka na kufuli lako?"

Bi Tanuri akamsogelea mpaka pumzi zikagusana. "Likishuka na kufuli langu, ufunguo ninao mimi, basi mwizi ni mimi. Nitatoka mimi, na masanduku yangu. Umeridhika?"

"Mmesema wenyewe," mama alisema. "Mmoja wenu kesho anavuka lango lile."

Alasiri walisimama shimoni wote watatu. Jua lilikuwa bado linachoma, pipa liko juu kabisa, chuma chake cheusi kikitoa joto usoni. Bi Tanuri alilishika ukingoni, akautoa mkono upesi. Akachukua brashi na rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki walipopaka lango, akapanda kigoda, akazungusha alama kwenye nguzo pale pale paa la pipa lilipoishia. Kisha akapitisha mnyororo kwenye koki, akabana kufuli, akalitikisa ili kila mtu asikie.

"Hilo ni kufuli la kiume," alisema.

Jioni ile hakuna aliyegusa gesi. Walipikia mkaa, kila mtu kwake, bila salamu. Bi Tanuri akakanda beseni zima la unga huku akiimba kwa sauti, ukuta mwembamba upeleke ujumbe.

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Baridi ilikuwa inang'ata masikio, pumzi inatoka kama moshi. Alikoleza mkaa, akabandika sufuria kubwa la maji, akajifunga shuka juu ya nguo, akaenda shimoni akiwa ameshapanga maneno ya kumwambia mjomba.

Alama nyekundu ilikuwa juu. Pipa lilikuwa chini.

Alifikicha macho. Kati ya alama na paa la pipa ungeweza kuweka kiganja kizima, na kidole gumba juu yake. Kufuli lilikuwa limebana kama alivyoliacha, limelowa umande. Mnyororo ulikuwa mzima. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la nguo yake, alikuwa ameulalia mpaka umemchora ubavuni.

"Hapana," alisema kwa sauti.

Linavuja! Hilo ndilo lililomjia. Alikimbia akaleta povu la sabuni kwenye bakuli, akalipaka kwenye koki, kwenye kiungo cha mpira, kwenye kila mshono wa chuma alioufikia, akasogeza macho. Mahali penye tundu povu lingechemka. Halikuchemka. Lilikaa kimya likimtazama. Akanusa. Harufu ilikuwa ya samadi tu, ile ya kila siku.

Akaketi kwenye ukingo wa shimo. Sasa aliona masanduku yake langoni. Aliona majirani wakiulizana: alitoka kwa mume, na kwa mama yake pia katoka? Sasa huyo ataishi na nani, na mwezi? Na tanuri halibebeki. Tanuri lilijengwa ukutani, tofali kwa tofali, na ukuta haukuwa wake.

Alinyanyua macho akaitazama alama. Mstari mwembamba wa rangi, basi. Mstari ukifutwa na mwingine ukachorwa chini, pale pipa lilipo, nani atajua? Mama haoni vizuri. Mjomba hakuwepo jana. Na yule mwingine atasema nini? Atasema alama imehamishwa, na watamjibu kuwa mwizi hakosi neno.

Aliinuka. Kigoda akakileta, akapanda na brashi na povu lake, akasugua. Rangi haikutikisika. Rangi ya mafuta haiogopi maji baridi. Akashuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria lililokuwa linachemka, akalishika kwa matambara mikono miwili. Akamimina maji juu ya nguzo. Mvuke ukampiga usoni. Maji yakateremka kwenye nguzo, yakatapakaa juu ya paa lote la pipa, yakamwagika pembeni hadi kwenye tope.

Chini yake kitu kikaguna.

Chuma kilitoa sauti ndogo, kama mzee anayejigeuza kitandani. Akatazama nguzo. Alikuwa na hakika, kwa sababu pua yake ilikuwa pale pale: pipa lilikuwa linapanda. Polepole, kwa aibu, upana wa kidole, halafu kama kidole kingine. Likasimama.

Akamimina maji yaliyobaki, safari hii si kwenye nguzo. Kwenye pipa. Likaguna tena, likasogea tena.

"Wifi," sauti ilisema nyuma yake, "unaliogesha?"

Mama Kibonge alikuwa amesimama kwenye pembe ya zizi, mtoto mgongoni, hata kichwa hajafunga. Macho yake yalipita kwenye brashi, kwenye povu, kwenye alama yenye mikwaruzo.

"Una muda gani hapo?"

"Wa kutosha. Pipa limeshuka, na kufuli lipo. Na wewe unaifuta alama." Akapiga hatua mbele. "Wewe! Na mdomo wote ule. Na mkate ulionipigia mlangoni. Unaifuta alama ili mimi nitupwe na mtoto!"

"Nyamaza kidogo."

"Sinyamazi! Leo mtaa mzima—"

"Mama Kibonge, nyamaza utazame! Sijakataa. Nilikuwa naifuta. Tazama pipa."

Walitazama wote wawili, maana macho hayajui ugomvi. Maji ya moto yalikuwa yameshatiririka, upepo wa alfajiri unapita juu ya chuma kilicholowa. Na pipa likaanza kushuka. Hakuna aliyeligusa. Koki ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mbele yao. Lilishuka kile lilichopanda, likanyamaza.

Bi Tanuri alishuka kwenye kigoda akakikalia. Alikuwa hamwoni tena wifi yake. Alikuwa anaona keki. Keki inatoka tanurini imesimama, inajidai, kifua mbele, na baada ya muda mezani imenywea. Katika miaka yote ya kuoka hajawahi kuuliza nani kaiuma. Mtu wa unga anajua: joto huitunisha hewa, baridi huifanya ijikunyate. Alijua. Alijua mikononi, ila hakuwahi kuutoa ujuzi huo jikoni akauleta hapa.

"Gesi haikuibwa," alisema.

"Ndicho nilichosema tangu lini?"

"Haikuibwa na mtu. Wala haikupungua."

Mama Kibonge akatema mate pembeni. "Usinitafutie mlango wa kutokea. Nenda kamwambie mama yako."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwapo, na Bi Tanuri aliuona. Mama alikuwa bado ndani. Ukisuguliwa mstari kwa maji mengine ya moto ungetoka wote. Neno lake dhidi ya neno la mtuhumiwa. Alilipima, akalishika mkononi kama donge la unga, akaona lingefaa. Lakini katika mambo ya moto na unga hakuwahi kumdanganya mtu, hata mwenye duka aliyemtukana. Mdomo wake ulikuwa mchafu, hilo alilijua. Mkate wake haukuwahi kuwa na mchanga.

Akaiacha brashi ikaanguka kwenye tope. Akaenda kugonga dirisha la mama.

Mjomba alifika wakati jua bado limejificha nyuma ya paa za jirani. Alikuwa mchinjaji aliyestaafu kisu lakini hakustaafu maneno. Walimweka kwenye kigoda cha pili, wakamweleza. Bi Tanuri alieleza yote, hata brashi, hata nia yake. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo ulitaka kunidanganya mimi," alisema. "Mimi niliyekuzaa. Macho yangu mabovu ukayafanya mtaji."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unataka nikuamini kuhusu pipa."

"Usiniamini. Amini kufuli." Alifungua pindo, akampa ufunguo. "Kaa nao. Tusiguse kitu, tusiwashe kitu. Tungoje jua."

"Umelimwagia maji ya moto ukalitibua," mama alisema. "Hata mimi ukinimwagia nitapanda juu."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Dada, nimechinja ng'ombe maisha yangu yote. Sijawahi kukutana na ng'ombe ambaye mavi yake yanaogopa baridi."

"Mjomba, keki ikinywea mezani, nani kaila?"

"Mimi, kama nipo karibu."

"Sitanii! Uzito wake ni ule ule. Hewa iliyo ndani yake ndiyo imepoa. Na hapa ndivyo. Pipa haliongezeki uzito usiku, halipungui mchana. Linailalia gesi vilevile saa zote, ndiyo maana moto wangu hauzidi wala haufifii. Gesi ikipata joto inataka nafasi, inalinyanyua. Ikipata baridi inajikunyata, pipa linaifuata chini. Gesi ni ile ile. Mimi nilikuwa napima alasiri, pipa limechomwa na jua kutwa. Naona uvimbe, nasema ni unene. Nakanda unga wa gesi ambayo haikuwepo."

"Na nepi?" Mama Kibonge aliuliza kutoka mlangoni kwake, bila kusogea.

Bi Tanuri akamgeukia. "Nepi mbichi zililipoza. Ulikuwa sahihi."

"Sema tena, sikusikia."

"Umesikia."

"Tungoje hilo jua," mama alisema. "Na anayetaka kuzungumza azungumze na ng'ombe."

Wakangoja. Ilikuwa ni kungoja kwa ajabu, watu wanne wazima na mtoto mmoja wamelikodolea pipa macho kama wanaomngoja mgonjwa azinduke. Jikoni unga uliumuka ukafika ukingoni mwa beseni, ukaanza kuteremka mezani. Bi Tanuri aliusikia ukidondoka, to, to, asiinuke. Hakuna aliyekunywa chai. Mama Kibonge alimnyonyesha mtoto wake, macho yake yakiwa makavu, kanga za safari amekwisha zifunga furushi nyuma yake.

Jua likachungulia juu ya paa. Likaligusa pipa ubavuni, umande ukaanza kufuka. Mjomba akasimama, akaenda kuweka uso wake karibu na nguzo.

"Limesogea?" mama aliuliza.

"Bado. Au… bado."

Muda ukapita. "Limesogea!" akasema. "Sifa ya bure siitaki, lakini limesogea."

Halafu wingu likaja. Halikuwa kubwa, lilikuwa wingu la kupita, lakini lilikaa juu ya uwa ule kana kwamba limelipwa. Kivuli kikatanda juu ya chuma. Pipa likasita. Mjomba akatazama nguzo, akatazama juu, akarudi kigodani. Mama alikuwa anaugeuzageuza ufunguo kiganjani. Bi Tanuri alijikuta anaomba, na alichokuwa anakiomba kilimshangaza: hakuwa anaomba abaki. Alikuwa anaomba pipa lisimwumbue yule mwanamke wa mlangoni aliyekwisha kufunga furushi.

Wingu likaondoka. Jua likarudi likiwa na nguvu ya adhuhuri, na pipa nalo halikuona haya tena. Lilipanda huku chuma kikilialia, likapita upana wa kiganja, likapita gumba, likaifikia alama nyekundu na mikwaruzo yake. Likaizidi kidogo. Kufuli lilikuwa linaning'inia pale pale, kavu sasa, limebana.

Mama aliinuka kwa shida. Akaenda mwenyewe akalishika kufuli, akalivuta. Akarudia mara ya pili. Kisha akalifungua kwa mkono wake, na koki pia.

"Hakuna mwizi," alisema. "Basi hakuna anayetoka. Mkwe wangu, nilikunyooshea kidole bila kukuona. Ni kosa langu, nimelisema mbele ya ndugu yangu. Kafungue furushi."

"Mama, naomba radhi," Mama Kibonge alisema, "kesi haijaisha."

Mjomba, aliyekuwa anaitafuta chai, akarudi akaketi.

"Jana huyu alisema, likishuka na kufuli lake, atoke yeye na masanduku yake. Hakusema likiibiwa. Alisema likishuka. Limeshuka, wote tumekubali."

Mama akaketi tena kwenye kigoda. Neno lilikuwa la binti yake.

"Nilisema," Bi Tanuri alijibu. Sauti yake haikuwa na moto hata wa kuwashia sigara. "Nitafunga vitu. Unga tu, nikauokoe, maana ni dhambi kuutupa. Nikimaliza nitatoka."

Akapiga hatua. Mama Kibonge akamwacha apige na nyingine. Akamwacha afike karibu na mlango wa jiko.

"Simama."

Akasimama.

"Ukitoka, utanisengenya ukiwa huko, na mimi nitakuwa na jina lile lile. Kaa. Lakini leo hii utapita kila duka, na kwa fundi cherehani wa pale kona, na bombani, kila ulipokwenda kuniita mwizi. Uwaambie kwa mdomo huo huo."

"Nitawaambia."

"Na usiwanong'oneze."

"Huyo kunong'ona hakujifunza," mjomba alisema, lakini hakuna aliyecheka.

"Sijakusamehe," Mama Kibonge aliendelea, akimfungua mtoto mgongoni. "Usidhani. Mkate ule ulipiga mlango mwanangu akiwa nyuma yake. Siku nikikusamehe utajua, maana nitakwambia. Mshike."

Bi Tanuri hakuelewa mpaka uzito wote wa Kibonge ulipokuwa mikononi mwake. Mtoto alimkagua uso, akalishika sikio lake, akalivuta kama anayevuta koki.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchemsha maji ya mwanangu. Kwa gesi. Mchana kweupe, na wewe umesimama hapo unaniangalia. Nataka niisikie hiyo sauti yako leo."

Akaingia jikoni, akaupita unga unaodondoka, akafungua koki ya jiko hadi mwisho, akawasha. Moto wa buluu ukashika. Akabandika sufuria, akakunja mikono, akageuka kumtazama wifi yake kupitia mlango ulio wazi.

Bi Tanuri alibadilisha mtoto akamweka kwenye bega la pili. Macho yake, kwa mazoea tu, yalikuwa yamekimbilia shimoni.

"Linashuka," alisema taratibu.

"Najua," Mama Kibonge akajibu. "Safari hii ni mimi."